Unforgiven (1992): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa anayetaka kuitazama Unforgiven kwa mara ya kwanza, na kwa aliyeitazama akabaki na maswali. Sehemu mbili za mwanzo hazimwagi siri za kisa. Kuanzia sehemu ya tatu tunasema kila kitu, pamoja na nani anakufa na namna anavyokufa.

## Mambo ya msingi

Unforgiven ni filamu gani, kwa ufupi?

Ni filamu ya kauboi ya Marekani iliyotoka Agosti 1992. Mwongozaji ni Clint Eastwood, ambaye pia ndiye stelingi, na mswada uliandikwa na David Webb Peoples. Kisa kinaanza mwaka 1880 katika mji wa kubuni uitwao Big Whiskey, huko Wyoming. Mchunga ng'ombe mmoja anamchana uso kahaba kwa kisu kwa sababu alimcheka. Sherifu anamaliza kesi kwa faini ya farasi, na farasi wenyewe wanakwenda kwa mwenye baa. Wanawake wa baa ile wanachanga akiba zao na kutangaza donge la dola 1,000 kwa atakayemuua mchunga ng'ombe huyo pamoja na mwenzake.

Habari zinamfikia William Munny (Eastwood), muuaji wa zamani aliyeacha pombe na bunduki. Sasa ni mjane anayefuga nguruwe Kansas na kulea watoto wawili. Anayemletea habari ni kijana anayejiita Schofield Kid, na Munny anamwongeza rafiki yake wa siku nyingi, Ned Logan (Morgan Freeman). Kule mjini anawasubiri sherifu, Little Bill Daggett (Gene Hackman).

Nimetafuta jina hilo zikaja filamu mbili tatu. Ipi ndiyo?

Tazama mwaka. Kuna The Unforgiven ya 1960, iliyoongozwa na John Huston, yenye Burt Lancaster na Audrey Hepburn. Nayo ni ya kauboi lakini kisa chake hakihusiani kabisa na hiki. Kuna pia The Unforgivable ya 2021 yenye Sandra Bullock, ambayo ni ya siku hizi na haina farasi. Unayoitaka ni ya 1992, na jina lake halianzi na "The". Ile ya Kijapani ya 2013 ni jambo jingine. Ipo kwenye sehemu ya mwisho.

Inachukua muda gani, na watoto wanaweza kuitazama?

Inachukua saa mbili na dakika kama kumi hivi. Watoto, hapana. Marekani ilipewa daraja R (aliye chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima tu), na Uingereza ni ya miaka 15 na kuendelea. Tukio la mwanamke kuchanwa uso lipo dakika chache tu baada ya kuanza, kuna lugha chafu, na kuna vipigo vinavyochukua muda mrefu kwenye skrini. Ugumu wake hauko kwenye wingi wa damu. Filamu nyingi za mapigano za leo zina damu zaidi. Hapa anayepigwa anaumia kweli, na kamera haigeuzi uso.

Lazima niwe nimetazama filamu nyingine za kauboi kwanza?

Si lazima, ila utafaidi zaidi. Ukiwa na nafasi ya filamu moja tu, tazama The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, umwone Eastwood kijana, mkavu, mwenye shabaha isiyokosea. Ukiwa na nafasi ya mbili, ongeza Shane ya 1953, ambayo ni kauboi ya zamani katika usafi wake wote: mgeni mpole mwenye bastola, familia ya wakulima, na watu wabaya wanaotandikwa hadi wanakwisha. Kisha ndipo uje kwenye hii. Kila jambo ulilolizoea katika hizo mbili utalikuta hapa likiwa na bei.

Mbona picha ina giza hivi? Ni televisheni yangu?

Kwa sehemu kubwa ni makusudi. Mpigapicha mkuu, Jack N. Green, alitaka ndani ya baa na nyumba pawe kama palivyokuwa kweli: taa za mafuta, dirisha dogo, mvua nje. Nusu ya uso wa mtu inaweza kuwa kivulini katika tukio zima.

Ila kuna makosa matatu ya mtazamaji yanayoiharibu. La kwanza ni kutazama mchana kwenye chumba chenye mwanga. Tukio la mwisho lote ni usiku wa mvua, hutaona kitu. La pili ni kuacha televisheni kwenye mpangilio wa rangi kali unaotoka nao dukani: weka ule wa filamu, na usipandishe mwanga kupita kiasi kwa sababu weusi utageuka kijivu na nyuso zitapauka. La tatu ni kutumia nakala iliyobanwa sana. Faili dogo hukata habari kwenye sehemu za giza kwanza, kwa hiyo vivuli hugeuka miraba inayochezacheza. Bora usubiri nakala nzuri. Mistari myeusi juu na chini ya picha iache ilivyo, kwani filamu ilipigwa kwa upana mkubwa. Ukivuta picha ijaze skrini unakata watu wa pembeni, na hapa watu wa pembeni wana maana.

Nikiipata iliyosimuliwa na dijei, inatosha?

Kwa filamu hii, hapana. Dijei mzuri huongeza utamu kwenye filamu za kukimbizana, lakini hapa mazungumzo ndiyo kisa chenyewe. Watu wanasimuliana mambo yaliyopita, wanadanganya, wanatia chumvi, na mtazamaji anatakiwa asikie nani anaongeza nini. Dijei akiongeza yake juu, hutajua uongo ni wa nani. Tafuta yenye maandishi chini ya picha.

## Ilichogeuza

Watu husema hii ni kauboi iliyogeuza kibao. Maana yake nini?

Kauboi ya zamani ina kanuni ambazo kila aliyekulia kwenye kibanda cha video anazijua bila kufundishwa. Stelingi hafi. Ana shabaha. Hamuui mtu asiyestahili. Sherifu ama ni mwema ama ni mla rushwa, na ukishajua ni yupi, basi. Mwanamke analindwa. Adui akifa anaanguka mara moja, na hadithi inaendelea bila yeye.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 waongozaji kadhaa wa Marekani walianza kuzihoji kanuni hizo. The Wild Bunch ya Sam Peckinpah (1969) ilionyesha majambazi waliozeeka na risasi zinazopasua mwili kweli. Little Big Man ya Arthur Penn (1970) iliwaweka wenyeji wa asili katikati ya kisa na jeshi la wazungu upande wa wauaji. McCabe & Mrs. Miller ya Robert Altman (1971) ilimfanya stelingi kuwa mfanyabiashara mwenye maneno mengi na busara kidogo.

Unforgiven ilikuja miaka ishirini baadaye. Uzito wake unatokana na aliyeitengeneza. Eastwood alijenga jina lake kwa kuua watu wengi kwenye skrini bila kutoa jasho. Alipochukua mswada huu, alikuwa anaifungulia kesi kazi yake mwenyewe.

Kanuni zipi hasa zimepinduliwa?

Anza na stelingi. Mara ya kwanza tunapomwona Munny kwa karibu, anaburuzwa kwenye tope na nguruwe wenye homa. Akitaka kupanda farasi, farasi anamkataa na kumwangusha mbele ya watoto wake. Akijaribu bastola, analenga kopo, anafyatua, anakosa, tena na tena. Mwishowe anaingia ndani, anatoka na shotigani, na kopo linaruka. Tukio hilo linachekesha, lakini lina taarifa: mtu huyu hana tena ufundi, na pengine hakuwahi kuwa nao kama sifa zake zinavyodai.

Pili, makauboi wenyewe. Katika filamu hii yote, makauboi wa kweli, yaani vijana walioajiriwa kuchunga ng'ombe, ni wale wawili wanaowindwa. Stelingi ni mfuga nguruwe.

Tatu, sheria. Little Bill si mla rushwa. Anataka mji mtulivu, amepiga marufuku bunduki mjini, anajenga nyumba yake kwa mikono yake ili aketi barazani jioni anywe kahawa. Mpango huo ungempendeza mtu yeyote. Tatizo ni kwamba utulivu wake unajengwa kwa kupiga watu mateke hadi wasiweze kusimama. Nyumba nayo inavuja kila mvua ikinyesha, maana si fundi. Ni mhusika bora kuliko wote katika filamu hii, na anaogofya kwa sababu anajiona mwema.

Nne, mwanamke. Hapa hakuna anayelindwa. Jambo hili tumelipa swali lake katika sehemu inayofuata.

## Kisa na wahusika (siri zote zinamwagwa kuanzia hapa)

Kwa nini sherifu aliwatoza farasi badala ya kuwafunga?

Mwanzoni alikusudia kuwachapa kwa mjeledi. Mwenye baa, Skinny, akatoa karatasi ya mkataba: alimlipia Delilah, yule kahaba aliyechanwa, gharama za kuja kufanya kazi, sasa uso umeharibika, wateja hawatamtaka, nani atamrudishia fedha yake? Little Bill akaliona suala kama mali iliyoharibiwa. Akaamuru aliyekata, Quick Mike, alete farasi watano, na mwenzake Davey alete wawili, wote wa Skinny. Delilah hapati kitu, na hakuna anayemuuliza.

Strawberry Alice, kiongozi wa wale wanawake, anaelewa papo hapo kilichotokea. Hasira yake inaanzia kwenye kisu, lakini donge la dola 1,000 linatokana na hukumu. Ukikosa tofauti hiyo, utaona kama wanawake wanalipiza kupita kiasi.

Davey alikosa nini hasa?

Kidogo sana, na hapo ndipo filamu inapokubana. Alikuwepo na alimshika Delilah alipoamriwa na mwenzake, kisha akajaribu kuzuia. Baadaye analeta farasi wake bora zaidi ya wale wa faini, ampe Delilah mwenyewe. Wanawake wanamfukuza kwa matope. Tazama uso wa Delilah wakati huo: hasemi neno, lakini kwa nukta chache inaonekana kama angelipokea.

Na Davey ndiye anayeuawa kwanza. Ned analenga kutoka juu ya mwamba, anampiga farasi, farasi anamwangukia kijana na kumvunja mguu. Ned anatakiwa afyatue tena, anashindwa. Anamkabidhi Munny bunduki. Munny naye anakosa, anakosa, halafu anampata tumboni. Kijana anatambaa nyuma ya jiwe, anaanza kulia kwamba anakufa, anaomba maji. Wenzake wanaogopa kutoka walikojificha. Munny anawapigia kelele kutoka juu: mpeni maji, hatutapiga. Watatu walio juu ya mwamba wanakaa wakisikiliza mtu anakufa taratibu.

Katika kauboi ya kawaida tukio hili lingechukua sekunde mbili.

Kwa nini Ned aliondoka?

Kwa sababu aligundua kwamba hawezi tena, na alikuwa mkweli wa kutosha kukubali. Hakuna hotuba. Anasema anarudi nyumbani, anapanda farasi. Anakamatwa njiani na Little Bill anamchapa mjeledi hadi anakufa, akitafuta majina ya wenzake. Yaani aliyekataa kuua ndiye anayelipa. Hesabu hiyo ya kikatili ndiyo inayosukuma nusu saa ya mwisho.

Schofield Kid aliua wangapi kabla?

Hakuna hata mmoja. Anajitangaza kuwa ameua watano, na bastola anayojipa jina lake, Smith & Wesson aina ya Schofield, anaionyesha kila mtu. Ukweli unaanza kuvuja mapema, Ned anapogundua kwamba kijana haoni mbali. Mtu wa kwanza anayemuua ni Quick Mike, akiwa amekaa kwenye choo cha nje, bila silaha mkononi. Baadaye, akisubiri fedha chini ya mti pamoja na Munny, anakunywa whiski na kujaribu kujisifu, halafu anavunjika na kulia. Munny anamwambia kwamba kumuua mtu ni kumnyang'anya vyote alivyonavyo na vyote ambavyo angekuja kuwa navyo.

Kijana anamrudishia Munny ile bastola na kuapa hataigusa tena. Ikumbuke, kwa kuwa ndiyo Munny anayoingia nayo mjini.

English Bob na yule mwandishi wana kazi gani? Hawakutani hata na Munny mapema.

Wana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. English Bob (Richard Harris) anafika Big Whiskey akifuatana na W.W. Beauchamp (Saul Rubinek), anayemwandikia kitabu cha sifa. Little Bill anampiga Bob hadharani, anamfungia, kisha anaketi kukisoma kitabu kile kwa sauti na kusahihisha kila ukurasa. Pale kitabu kinaposema shujaa alimshinda mtu mwenye bastola mbili katika pambano la haki akimlinda mwanamke, Little Bill, aliyekuwepo, anasema Bob alikuwa amelewa, alikosa, na mwenzake alikufa kwa sababu bastola ilimlipukia mkononi.

Halafu linafuata tukio ambalo ndilo kiini cha filamu. Little Bill anaeleza kwamba wepesi wa kuchomoa si kitu. Anayepona ni yule asiyetetemeka. Ili kuthibitisha, anampa Beauchamp bastola na kumwambia ampige, wajiondokee na Bob. Beauchamp anaishika kwa mikono miwili, jasho linamtoka, hawezi. Anauliza: na nikimpa Bob? Mpe, anasema Little Bill. Bastola inasogezwa hadi kwenye nondo za mahabusu. Bob anaitazama kwa muda mrefu. Haichukui. Ndipo Little Bill anapoifungua na kuonyesha risasi zilikuwamo.

Tangu hapo unajua mambo mawili: kila hadithi ya ushujaa uliyosikia ina mwandishi nyuma yake, na mwandishi huhama na mshindi. Beauchamp anamwacha Bob palepale na kuanza kumwandikia Little Bill.

Mbona majeraha ya Delilah yanabadilika kila anaposimuliwa?

Umesikia vizuri. Sisi tuliona alichofanyiwa: alichanwa uso. Kid anapomsimulia Munny, macho na masikio navyo vimekatwa. Munny anapomsimulia Ned, vidole vimeongezeka. Hakuna anayejua kwamba anadanganya. Kila mmoja anahitaji jambo liwe baya kidogo zaidi ili safari ihalalike. Kwenye nakala zenye tafsiri mbovu sehemu hizi hufupishwa, na hapo unapoteza kitu muhimu.

## Mwisho wa filamu na mabishano yake

Mwishoni Munny anaua chumba kizima. Si ndiyo kauboi ileile tu?

Hili ndilo swali kubwa, na wanaouliza wana hoja. Kwa saa mbili filamu imeeleza kwamba kuua ni kugumu, kuchafu na hakuna ufahari. Kisha stelingi anaingia baa peke yake usiku wa mvua na kuwamaliza, na sisi tunashika pumzi kama zamani.

Jibu letu ni kwamba tukio lile limepangwa ili raha uipate na ikukwame. Zingatia mpangilio. Munny hajanywa pombe miaka mingi. Anapoambiwa Ned amekufa, anaichukua chupa bila kusema kitu na kuanza kunywa huku mwanamke akiendelea kusimulia. Anayeingia mjini si shujaa aliyejirudi. Ni yule mlevi aliyewahi kuua wanawake na watoto, ambaye mkewe marehemu alikuwa amemtoa humo. Anaanza na Skinny, ambaye hana silaha, kwa sababu mwili wa Ned umewekwa mlangoni pake kama onyo. Shotigani inagoma kumlipukia Little Bill. Anaponea kwa sababu wengine wanafyatua ovyo na yeye hatetemeki, sawasawa na somo la mahabusu.

Beauchamp, akitetemeka chini, anajitokeza na kuuliza alianza na nani, akitaka kuweka mpangilio wa shujaa. Munny anamjibu kwamba ilikuwa bahati tu, na kwamba siku zote amekuwa na bahati linapokuja suala la kuua watu. Huo ndio utaalamu wake wote.

Na Little Bill, akiwa chali, analalamika kwamba hastahili kufa hivi, alikuwa anajenga nyumba. Munny anamwambia kustahili hakuhusiki hapa. Sentensi hiyo inaifuta kauboi nzima ya zamani, ambayo bila kustahili haina pa kusimama.

Hata hivyo, anayesema filamu inakula keki na kubaki nayo, yaani inataka mambo mawili yanayopingana, hajakosea kabisa. Eastwood akiwa kwenye mvua, kofia imeinama, anapendeza kutazamwa, na yeye analijua hilo.

Maandishi ya mwisho yanasema nini?

Yanasema Munny aliondoka na watoto, na kwamba kuna waliodai alifanikiwa kibiashara San Francisco. Pia yanasema mama mkwe wake hakupata kuelewa kwa nini binti yake aliolewa na mwizi na muuaji mwenye hasira mbaya. Hakuna adhabu, hakuna toba inayoonyeshwa. Maandishi ya mwanzo na ya mwisho yanamhusu zaidi Claudia, mke aliyekufa kwa ndui mwaka 1878, mtu ambaye hatumwoni akiwa hai hata mara moja.

Ned ni mweusi na anachapwa mjeledi na mzungu. Mbona hakuna anayelitaja?

Hakuna mhusika anayelitaja, kweli. Wengine huona ni udhaifu: filamu inayohoji uongo wa kauboi inakwepa uongo mmoja mkubwa. Wengine huona mjeledi ule unasema vya kutosha bila neno, kwa mtazamaji yeyote anayejua historia ya utumwa Marekani. Sisi tunaegemea upande wa kwanza kidogo. Hoja hiyo inazidi kupata nguvu ukimtazama mke wa Ned, Sally Two Trees, mwenyeji wa asili, ambaye hapewi hata sentensi moja. Anamtazama Munny akiwasili na anajua kila kitu, lakini hasemi.

Kwa upande wa historia, kuwepo kwa Ned si jambo la kubuni. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban robo ya wachunga ng'ombe wa enzi zile walikuwa weusi, na filamu za zamani ziliwafuta.

## Historia iliyo nyuma

Marufuku ya bunduki mjini ilikuwepo kweli?

Ilikuwepo. Miji kama Dodge City na Tombstone ilikuwa na sheria za kukabidhi silaha ukiingia. Pambano maarufu la O.K. Corral, Oktoba 26, 1881, lilihusu pia utekelezaji wa sheria ya aina hiyo. Picha ya kila mtu kutembea na bastola kiunoni katikati ya mji ni ya sinema zaidi kuliko ya historia.

Na waandishi kama Beauchamp?

Nao walikuwepo. Vijitabu vya bei rahisi vilivyokuza majambazi na masherifu viliuzwa kwa wingi miji ya mashariki ya Marekani. Mwandishi Ned Buntline ndiye aliyempa Buffalo Bill, mwindaji nyati aliyekuja kuwa nyota wa maonyesho, sehemu kubwa ya umaarufu wake wa mwanzo.

Kwa nini Wyoming?

Filamu haisemi. Lakini inafaa kujua kwamba Wyoming, ikiwa bado eneo tu chini ya Marekani ambalo halikuwa jimbo kamili hadi 1890, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869. Wanawake wa baa ya Skinny wangeweza kupiga kura na bado wakapimwa kwa farasi.

Ilipigwa huko kweli?

Hapana. Mji mzima ulijengwa Alberta, Kanada, chini ya msanifu Henry Bumstead. Matukio ya treni yalipigwa Sonora, California.

## Maswali ya pembeni

Mwishoni imeandikwa imetolewa kwa Sergio na Don. Ni akina nani?

Sergio Leone na Don Siegel, waongozaji wawili waliomlea Eastwood kikazi. Leone alifariki 1989, Siegel 1991.

Ni kweli aliuweka mswada miaka mingi?

Ndiyo. Peoples aliuandika miaka ya 1970. Eastwood aliupata mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuuweka hadi umri wake ulingane na wa Munny. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 62.

Ilishinda tuzo gani?

Oscar nne, Machi 1993: filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora msaidizi (Hackman) na uhariri bora (Joel Cox). Ilikuwa filamu ya tatu ya kauboi kushinda filamu bora, baada ya Cimarron na Dances with Wolves. Eastwood aliwania pia mwigizaji bora akashindwa na Al Pacino.

Muziki wa gitaa wa mwanzo ni wa nani?

Unaitwa Claudia's Theme na aliutunga Eastwood mwenyewe. Muziki mwingine ni kazi ya Lennie Niehaus.

Ile ya Kijapani inafaa?

Inafaa, na si nakala tu. Iliongozwa na Lee Sang-il mwaka 2013, Ken Watanabe akiwa kwenye nafasi ya Munny. Kisa kimehamishiwa Hokkaido ya miaka ya 1880, na stelingi ni samurai wa utawala ulioanguka. Tofauti kubwa ni kwamba Waainu, wenyeji wa Hokkaido, wamepewa nafasi ndani ya kisa, yaani imejaribu kuziba lile pengo tulilolitaja kwenye swali la Ned. Itazame baada ya hii, usianze nayo.

Tunataka kuionyesha kwenye klabu ya filamu. Tuigawe vipi?

Msiikate kwa tangazo au chakula katikati ya kifo cha Davey. Sehemu nzuri ya kupumzika ni baada ya kipigo anachopata Munny akiwa na homa kwenye baa, anapozinduka na kuzungumza na Delilah. Hapo kisa chenyewe kinavuta pumzi. Kwa mjadala, swali moja linatosha kuwasha moto: je, mlifurahi Munny alipoingia baa? Waacheni watu wajibu kabla ya kueleza lolote. Na kama mnatoza kiingilio, au ukumbi ni wa umma, fuateni kwanza kibali cha haki za filamu na taratibu za bodi ya filamu ya nchi yenu.

Nimeipenda. Niende wapi baada ya hapo?

Kama kilichokugusa ni uzee na majuto, nenda The Wild Bunch. Kama ni mji wa matope na biashara ya miili, McCabe & Mrs. Miller, nayo pia uitazame gizani kwa sababu zilezile za picha. Kama ulikasirika kwamba Ned na Sally hawakupewa sauti, tafuta Buck and the Preacher ya 1972, iliyoongozwa na Sidney Poitier, ambamo weusi waliotoka utumwani ndio wenye kisa. Na kama unataka wanawake wabebe macho ya filamu nzima, Meek's Cutoff ya Kelly Reichardt (2010), ila jipange: inakwenda polepole, na haimalizi kwa risasi.